Siku Meneja Alipotoroka Kinuni

Mimi na punda hatujawahi kupatana. Naanza na hilo ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilikwenda porini kwa mapenzi. Nilikwenda kwa sababu binti wa kaka yangu alishavaa viatu na kufika mlangoni, na mtoto wa umri ule haingii porini peke yake nikiwa hai. Magoti yangu na mwili huu niliojaliwa havikuulizwa.

Punda mwenyewe alikuwa akiitwa Meneja. Kaka yangu hukamua mafuta ya ufuta. Uani kwetu kuna kinu kikubwa cha gogo, ndani yake umesimama mchi mnene, na mchi umeunganishwa na boriti ndefu. Meneja ndiye aliyekuwa akifungwa kwenye boriti hiyo, akafunikwa macho kwa kitambaa asipate kizunguzungu, kisha akazunguka kinu, kushoto, kushoto, kushoto, tangu asubuhi mpaka jioni, na ufuta ukapondeka ukatoa mafuta. Kazi yangu mimi ni kuchuja na kujaza chupa. Sasa Meneja akiamka na kisirani, hakuna mafuta, na pasipo mafuta sina cha kuchuja. Kwa hiyo asubuhi sote tulikuwa tukianza kumwamkia yeye ndipo tuamkiane sisi. Jina lile alilipata kwa haki.

Mtoto tulimwita Chiriku, kwa kuwa huongea hata akiwa usingizini. Alipokuwa mchanga, mama yake, wifi yangu, ambaye ni muuguzi na huingia kazini kwa zamu, alikuwa akimwacha kwetu ndani ya kapu kando ya kinu. Akilia, tunamwambia Meneja aongeze mwendo kidogo, mtoto analala. Akakua hivyo. Meno yake ya kwanza aliyajaribia kwenye sikio la yule punda, na punda wala hakulalamika. Mimi angening'ata ningesema neno.

Basi mwaka huo kaka akapata mashine ya umeme ya kukamulia. Alifurahi mpaka akawa anaifuta vumbi kila saa kwa shati lake mwenyewe. Na mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini mashine ikishafika, punda wa nini? Kulikuwa na jirani mmoja mponda mawe, tukimwita Bwana Kokoto, mtu mwema tu ila ana sauti ya kupasulia mawe bila nyundo. Mkokoteni wake alikuwa akiukokota mwenyewe, mgongo umempinda. Alipoomba apewe Meneja, kaka akamwambia, "Mchukue, ndugu yangu. Njoo Jumamosi jioni."

Kaka yangu ana ugonjwa mmoja: neno likishamtoka, hata limtoe roho halirudishi. Chiriku alilia, akasusa chakula, akamwandama baba yake mpaka chooni. Kaka akawa anajibu lile lile, "Nimeshaahidi, mwanangu," huku uso wake umesawijika, maana naye alimpenda yule mnyama. Lakini ndiyo hivyo.

Jumamosi asubuhi fundi umeme akaja kuunganisha mashine. Tulijazana wote chumbani kutazama, majirani mpaka dirishani. Fundi akabonyeza swichi. Ile ngurumo! Kikombe cha chai kilitembea chenyewe juu ya meza. Tukapiga makofi, kaka akacheka mpaka machozi, tukaimiminia mashine gunia zima la ufuta kwa furaha tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba nje, kwenye nguzo ya ua, amefungwa mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kuona siku ya kazi ikianza bila yeye.

Chiriku ndiye aliyetoka kwanza. Akarudi ameshika kipande cha kamba.

"Meneja hayupo."

Mlango wa uani ulikuwa wazi, na nyuma ya ua wetu hakuna nyumba tena. Ni pori: nyasi ndefu, vichaka vya miiba, kilima cha mawe, na korongo ambalo usiku fisi hucheka humo kana kwamba wamesimuliana jambo. Kila mtu kwetu anajua kwamba mnyama anayelala huko kwa kawaida hasalimii tena asubuhi.

Wanaume wakafanya wanavyofanya wanaume kitu kikipotea: walikimbia mbali. Waliona alama za kwato zimeshika njia ya mtoni, basi, mbio mtoni, kaka mbele, fundi umeme nyuma na bisibisi mkononi, sijui alitaka kumfungua nini. "Meneja! Meneja!" Sauti zikapungua mpaka zikapotea kabisa.

Chiriku yeye hakukimbia. Alijaza mfuko wake mashudu, yale makapi ya ufuta yanayobaki baada ya kukamua, ambayo Meneja huyapenda kuliko uhai. Halafu akavaa viatu. Hapo ndipo mimi nilipoingia kwenye hadithi hii, na mtandio wangu, na mkate niliouchomoa mezani nikipita, maana sikujua tutarudi saa ngapi na mimi njaa siiwezi.

"Sisi tunapita wapi?" nikamuuliza.

"Taratibu, shangazi. Usikanyage nyayo."

Nilishangaa, mtoto wa darasa la tatu ananiamrisha. Lakini alikuwa ameinama, anatazama chini, nikanyamaza. Tukaenda kidogo kwenye ile njia ya mtoni, akasimama.

"Unaona? Hapa ameiacha njia. Amekwenda kushoto."

Kweli, nyasi zilikuwa zimelala upande wa kushoto. Wanaume walikuwa wamezipita mbio.

"Kushoto kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiko anakokujua."

Sikuelewa, na miiba haikunipa nafasi ya kuelewa. Ilinikamata gauni mbele, nikilinasua mbele inanikamata nyuma. Nikalitukana lile pori, nikamtukana punda, nikaitukana mashine na aliyegundua umeme. Chiriku anaongea tu: hapa amesimama akala, hapa ameteleza, hapa tena amekata kushoto, shangazi, kushoto tena. Tukafika kwenye kilima cha mawe, tukaanza kukizunguka kwa chini. Jua likawa kali. Tulizunguka na kuzunguka, kilima hiki hiki mkono wa kushoto, mpaka nikaona kichaka kilichonichania gauni, na kipande cha gauni langu la maua bado kinaning'inia pale.

"Chiriku! Tumepotea! Hapa si tulishapita?"

"Hatukupotea. Angalia chini."

Nikaangalia. Alama za kwato za Meneja zilikuwa palepale, na juu yake zimepita nyingine, mpya, hata udongo wake haujakauka. Ukubwa ule ule. Ukwato wa nyuma kulia una pengo, kama wa Meneja.

"Anazunguka," Chiriku akasema, macho yamemng'aa. "Amekifanya kilima ndiyo kinu! Shangazi, tukimfuata hatutampata, anatuzidi mwendo. Kaa chini."

"Nikae chini?"

"Kaa. Atakuja mwenyewe."

Nimeishi miaka mingi, nimepoteza vitu vingi, lakini sijawahi kutafuta kitu kwa kukaa. Hata hivyo magoti yangu yalilipokea wazo lile kwa shangwe. Nikaketi juu ya jiwe lenye kivuli, nikautoa mkate, tukagawana. Mbali sana huko mtoni tukazisikia sauti za wanaume, nyembamba, "Menejaaa," nikacheka mpaka nikapaliwa.

Tulikaa. Mkate ukaisha. Kivuli kikatuhama, tukakifuata. Chiriku akaanza kupunguza maneno, na hiyo kwake ni dalili mbaya. Kule korongoni kitu kikalia mara moja tu, kifupi, ingawa jua bado lilikuwa juu. Nikaona vidole vyake vinauminya ule mfuko wa mashudu.

Moyo ukaniuma, nikaropoka. "Mwanangu, na sisi tukimpata si anakwenda kwa Bwana Kokoto jioni hii hii? Labda tungemwachia tu njia. Nani ajuaye, labda atajifikia mahali."

Alitikisa kichwa. Halafu akasema, "Kwa Bwana Kokoto nitakuwa naenda kumsalimia. Fisi watamla, shangazi. Bora nimkose akiwa hai."

Nilimtazama mtoto yule, mapua yake machafu, nywele zimejaa majani. Nikamfuta pua. Ndicho nilichoweza.

Na hapo tukasikia kwato.

Hazikuwa za mnyama anayekimbia. Zilikuwa zile zile ninazozisikia kila siku nikichuja mafuta, mwendo mmoja, hauzidi wala haupungui. Akatokea kwenye kona ya kilima, masikio yamelala nyuma, shingo imeinama mbele, anavuta boriti ambayo haipo. Jasho limemlowesha ubavu. Chiriku akaruka juu, akapiga kelele, "Meneja!" na mimi nikajikuta nimeruka pia, mimi na mwili huu, nikapiga vigelegele katikati ya pori.

Meneja akatupita.

Nasema kweli, alitupita pwaa, hakugeuza hata shingo. Chiriku akamwonyesha mashudu, punda hakutazama. Nikamshika mkia, akanikokota hatua kadhaa, nikamwachia kwa heshima yangu mwenyewe. Alikuwa kazini, na akiwa kazini Meneja haongei na mtu.

"Ataanguka," nikasema. "Tangu asubuhi hajasimama! Huyu ana wazimu."

Chiriku alibaki amesimama, mdomo wazi, mashudu yanamwagika. Kisha nikaona uso wake umebadilika.

"Hana wazimu," akasema polepole. "Hakuna aliyemwambia."

Nami nikaelewa. Kila jioni mtoto huyu akirudi shule, kabla hata ya kuweka mkoba, huenda kinuni, hutembea sambamba na punda, humwekea mkono shingoni na kumwambia siku imetosha. Ndipo Meneja husimama. Ndiyo kazi yao wawili, tangu Chiriku ajue kusema. Sisi wengine tukimsimamisha hutuburuza. Na asubuhi ile tulikuwa chumbani tunapiga makofi, tukamstaafisha mtu bila kumpa taarifa.

Chiriku akakimbia kukata kona ya kilima, akamkuta mbele. Hakujaribu kumzuia. Alitembea naye ubavuni, miguu yake mifupi inahangaika kufuata ule mwendo, akamwekea mkono shingoni.

"Meneja," akamwambia, "kazi imekwisha. Umefanya vizuri sana. Kazi imekwisha."

Punda akasimama. Alisimama ghafla, akapumua pumzi moja ndefu iliyotoka tumboni, akageuza kichwa na kukilaza kifuani kwa mtoto, kichwa chote, mpaka mtoto akakaa kitako. Nikawaacha hapo. Mimi na punda hatupatani, nimeshasema, lakini nililia kama mjinga na nikajipangusa machozi kwa mtandio wangu mzuri.

Akala mashudu yote, akanywa maji kwenye dimbwi la mawe. Kurudi nikasema sasa tutazunguka mpaka kesho. Wapi! Chiriku alimshika shingo wakaongozana, na yule punda ambaye maisha yake yote hakujua ila kushoto alinyooka naye hadi nyumbani, kichaka hiki anakikwepa na njia anairudia, huku Chiriku akimsimulia habari za darasani kwao na mimi nyuma nikikokota gauni langu lililochanika.

Kaka alikuwa amesimama mlango wa uani, matope ya mtoni mpaka kiunoni. Alituona tangu mbali. Aliwaona walivyokuwa wakija, wawili sambamba, moja kwa moja kwenye njia. Akamkumbatia binti yake, akamkumbatia punda, akageukia ukutani. Akasema ni vumbi la mashine. Mashine ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Na nyuma yake, ndani ya ua, Bwana Kokoto alikuwa ameshafika na mkokoteni wake.

"Ah, huyu hapa!" akanguruma. "Hongera, binti mdogo, umeniletea mwenzangu!"

Furaha yote ilinitoka. Chiriku alishika kamba iliyobaki shingoni mwa Meneja, akamtazama baba yake. "Mpe, mwanangu," kaka akasema. Chiriku akampa kamba Bwana Kokoto, akampapasa Meneja puani mara moja, akaja akasimama pembeni yangu. Hakulia. Aliushika mkono wangu tu, akaubana mpaka vidole vikaniuma.

Bwana Kokoto akamvalisha hatamu, akamfunga kwenye mkokoteni kwa upole, lazima niseme. Akashika kamba. "Haya, twende nyumbani, bwana mkubwa."

Meneja aliposikia uzito nyuma yake, akainamisha shingo akaenda. Kushoto.

"Hoo! Huku, huku, mlango uko huku!"

Kushoto. Mkokoteni ukamfuata, ukapita juu ya sinia langu la kuchujia, ukaangusha ndoo, kuku wakaruka ukutani na fundi umeme akawafuata huko huko. Bwana Kokoto ananing'inia kwenye kamba, anakimbia kinyumenyume, "Simama! Simama we!" Wakaizunguka ile nguzo ya ua, wakaizunguka tena, mduara mzuri, safi, tairi zikaanza kuchora njia ardhini. Majirani walijaa dirishani kama asubuhi, na safari hii walishangilia zaidi. Mimi nilijishika mbavu.

Kisha nikamtazama Chiriku. Alikuwa ameuma midomo yake miwili kwa ndani. Mtoto anayeongea usingizini! Neno moja tu, mkono mmoja shingoni, na Meneja angesimama. Alilijua. Nami nililijua, na nikagundua ghafla kwamba kuna kitu cha muhimu sana juu ya paa ninachopaswa kukitazama.

Wanaume watatu wakashirikiana kuikata ile kamba ya mkokoteni na kumfunga Meneja kwenye nguzo. Bwana Kokoto akaketi chini, anahema.

"Ndugu yangu," akamwambia kaka, "huyu punda ana nini? Machimbo yangu yako kulia kwa barabara! Nikimpakia mawe huyu si nitazeeka nayo hapa hapa?" Akamgeukia Chiriku. "Na wewe, umemtoaje huko porini mpaka hapa?"

Chiriku akamtazama baba yake. Kaka yangu, mtu ambaye tangu utoto sijawahi kumsikia akisema uongo, aliyewahi kumrudia mnunuzi barabarani kumwambia chupa yake imepungua tone, alijikuna kichwa. Akaitazama njia ya porini, aliyowaona wakija nayo. Akamtazama binti yake.

"Kwa kuzungukazunguka tu, ndugu yangu," akasema. "Ndiyo maana unaona wamechelewa."

"Mimi simwezi, basi. Nisamehe sana, nakurudishia."

"Hapana, usiombe msamaha," kaka akasema, masikio yamemwiva kwa aibu. "Sisi ndio tuombe. Kesho nitakuja mimi na fundi tukusaidie kukokota mawe yako siku nzima."

"Mimi tena?" fundi umeme akauliza kutoka ukutani.

Bwana Kokoto akaondoka na mkokoteni wake, anacheka peke yake kwa ile sauti, tukamsikia mpaka mwisho wa mtaa. Chiriku alisubiri mpaka kicheko kikaisha. Ndipo akamrukia baba yake shingoni, nusura wamwangukie Meneja wote wawili.

Kaka alipopata pumzi akamweka chini, akachuchumaa mbele yake, akanong'ona, "Sasa nionyeshe na mimi. Umemnyooshaje yule?"

Chiriku akamtazama baba yake machoni, uso mkavu kabisa.

"Nani amenyooka, baba?" akasema. "Mimi sijaona kitu."